Saksafoni Kwenye Utukufu: Mwongozo kwa Mgeni wa Kizota

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeshuka Dodoma na saksafoni mgongoni, au na kinanda ulichokizungushia khanga mbili kikaja kwenye buti la basi, na kichwani una wazo. Wazo hilo nalijua. Liliwahi kunishika hata mimi, nikaugua nalo karibu mwaka mzima: kuichukua Misa ya kuimba, ile ya asili, yenye Kilatini chake na utulivu wake, nikaitia jazi. Umelala nalo, umeamka nalo, umemsimulia rafiki aliyekuwa macho yote kwenye simu, akakujibu "safi sana." Hiyo ndiyo ridhaa pekee uliyo nayo mpaka sasa.

Basi karibu. Tumsifu Yesu Kristo. Kama umejibu "milele, amina" bila kufikiri, umevuka geti la kwanza. Yaliyobaki nitakuonyesha moja moja, maana yote niliyagonga kwa kipaji cha uso.

Pajue ulipo

Kizota iko upande wa magharibi wa jiji la Dodoma, njia ya kwenda Singida. Kuna maghala ya akiba ya chakula ya taifa, kuna viwanda na gereji, na kuna ukumbi ambamo CCM imewahi kufanyia mikutano yake mikuu. Kwa ufupi, ni mahali palipozoea magunia na hotuba ndefu. Usidhani utawashtua watu wa hapa kwa solo ya dakika sita. Wamekaa wakavumilia marefu kuliko hayo. Watakutazama kwa adabu, watanyamaza, watakwenda nyumbani. Hawatakuzomea. Ukimya huo ndio wa kuogopa, na tutaurudia.

Jambo la pili: tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, kwaya za huku zimepokea watu wa kila pembe. Utamkuta Mhaya kwenye besi, Mchaga kwenye tena, Mmatengo anayeijua kila Misa iliyowahi kuimbwa Peramiho, na Mgogo aliyekuwepo kabla yao wote na ambaye hajaulizwa kitu. Kila mmoja amekuja na Misa ya kwao kichwani, na kila mmoja anaamini ya kwao ndiyo ya asili. Ukisema "turudi kwenye asili," utashangiliwa na kwaya nzima. Usifurahi. Wameshangilia vitu kumi na vinne tofauti.

Neno lenye mitego

Usitamke "jazi" kikaoni kabla hujauliza kila mjumbe anaelewa nini.

Kwa mwenyekiti wa kamati ya liturujia, mzee wa miaka sabini na ushee, jazi ni jina lililoandikwa kwenye ngoma kubwa ya bendi. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, zikafuata Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Atomic ya Tanga, na mwaka 1964 NUTA Jazz. Ni magitaa matatu, tumba, tarumbeta na saksafoni. Wimbo unaanza kwa kisa cha mapenzi au cha maisha magumu, kisha unafika chemko na hakuna anayebaki kwenye kiti. Ukimwambia mzee huyu kwamba unaleta jazi kwenye Misa, anachokiona ni Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz amesimama penye mimbari na gitaa la solo. Atatabasamu kidogo, kwa sababu amekumbuka jambo ambalo mahali pake ni kitubio. Kisha atakunja uso.

Kwa kijana wa kinanda, jazi ni koodi. Amejifunza kwenye YouTube usiku, bando likiwa nafuu, na sasa anaweza kupitisha koodi saba kati ya "Bwana" na "utuhurumie." Waumini wanaosubiri kuhurumiwa wanazihesabu.

Kwako wewe, jazi ni Mary Lou Williams: mpiga piano wa Marekani aliyeacha jukwaa mwaka 1954 akiwa Paris, akaingia Kanisa Katoliki mwaka 1957, akatunga Misa zaidi ya moja, na Februari 1975 Misa yake ikaimbwa ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Kisa kizuri, na utakisimulia kikaoni kwa hisia. Mzee atauliza kama huyo mama alikuwa na gitaa la ridhimu.

Baada ya saa mbili mtakubaliana, na muhtasari utaandikwa: "Wajumbe waliafiki jazi." Jumamosi mkikutana mazoezini, kila mmoja atakuwa ameleta ile aliyoiafiki.

Misa si orodha ya nyimbo

Kosa hili ni la wanamuziki wote, na wenye vipaji ndio wanaolifanya vizuri zaidi. Unaitazama Misa unaona nafasi kumi na moja za kupiga: mwanzo, Utukufu, zaburi, sadaka, na kuendelea. Unapanga kama mtu anayepanga albamu.

Misa ya kuimba ni mazungumzo. Padri anaimba, watu wanaitikia. Msomaji anahitimisha, watu wanaitikia. Shemasi anaagiza, watu wanaitikia. Nyimbo unazozipanga wewe zimeshonwa kwenye kitambaa hicho. Ukikata uzi wa kuitikia, unabaki na viraka vizuri mkononi.

Halafu kuna suala la pigo. Wimbo wa Kigregori hauna pigo la kuhesabu moja, mbili, tatu, nne. Unatembea kwa pumzi ya maneno: neno likirefuka, nota inarefuka, sentensi ikiisha, sauti inakaa chini. Jazi nayo bila pigo ni kama daladala bila kondakta: itakwenda, ila hakuna anayejua ishushie wapi. Ukimwekea Mgregori wako drams chini yake, umemvalisha buti za jeshi mtu aliyekuwa anatembea pekupeku. Atafika, lakini si kwa mwendo wake.

Utaambiwa pia usiiguse Misa ya Malaika, ile ya Kilatini ambayo wazee waliosoma shule za misheni wanaiimba macho yamefumbwa, kwa kuwa ni ya tangu mitume. Usibishane. Kwa faida yako peke yako ujue kwamba tuni zake nyingi ni za karne ya 15 na ya 16, na ile ya Nasadiki inayoambatana nayo ni ya karne ya 17. Katika umri wa Kanisa huo ni ujana tu. Sauti zake zinakaribia sana do-re-mi ya kawaida, ndiyo maana inashikika kirahisi na ndiyo maana unaitamani. Lakini ukimwambia hivyo mzee aliyeimba Misa hiyo siku ya Ubatizo wake, utakuwa umeshinda hoja na kupoteza sauti ya nne nzima.

Watu utakaowakuta

Mwalimu wa kwaya. Hapingi kitu. Anasema "tutaangalia." Ukimpelekea nota za mistari mitano atazipokea kwa mikono miwili, na Jumatano utazikuta chini ya kikombe cha chai. Kwaya inasoma solfa. Ziandike upya kwa solfa, na hapo utagundua kwamba koodi yako tamu, ikigawanywa kwa sauti nne, inamtaka kila mtu ashike nota inayomfanya ajione amekosea. Mama wa sauti ya pili ataimba "ta" mara moja, atageuka kumtazama mwenzake, na mara ya pili ataimba "ti," kwa sababu ana familia na jina la kulinda.

Kijana wa kinanda. Tumemtaja. Mkono wake wa kushoto unafanya kazi ya besi, kwa hiyo wanaume wa besi wamegeuka mapambo. Mwombe apige kwa mkono mmoja. Ataona umemwonea wivu.

Katekista. Hajui jazi na hana haja ya kuijua. Anajua saa. Misa ya kwanza ikichelewa kutoka, watu wa Misa ya pili wanasimama juani na watoto, na lawama zinakuja kwake. Ukinogewa na solo wakati wa sadaka, mtazame: akigusa saa yake mara moja, una mizunguko miwili, akiigusa mara mbili, malizia ulipo.

Mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, aliye mbele kushoto. Yeye ndiye anayetoa vigelegele, na kwa Kizota hivyo ndivyo makofi halali. Hapigi kigelegele kwa ufundi. Anapiga kwa maneno. Nimeshuhudia mpiga tarumbeta akipanda mpaka nota ambayo mishipa ya shingo ilihesabika, mama yule akatulia kama hakuna kitu, halafu mtoto wa shirika la Utoto Mtakatifu akaimba shairi moja la zaburi, akitetemeka, na kanisa likalipuka.

Baba Paroko. Ana kikao.

Vyombo na kumbukumbu zake

Kinanda cha umeme kinafaa, isipokuwa mwezi wa nane, upepo wa Dodoma unapoleta vumbi jekundu mpaka ndani ya tabernakulo ya mpiga kinanda, yaani sanduku la spika. Vibonyezo vitatu vitanyamaza, na kwa bahati ya wanajazi vitakuwa vile vitatu vya koodi zako. Funika.

Saksafoni: kwa watu wa hapa inakumbusha harusi, mapokezi ya viongozi, na baa. Usikasirike. Chombo hukumbuka kilikotoka, na watu hukikumbukia.

Ndipo utajifanya mwerevu useme: basi tutumie ngoma za wenyeji, nani atakataa? Hapo umetumbukia kwenye shimo lililofunikwa kwa majani mabichi. Ngoma ya muheme, ambayo Wagogo wanajulikana nayo duniani, hupigwa na akina mama. Huibana ngoma katikati ya mapaja, huinama, na hupiga mapigo yanayoingiliana hata mgeni akatafuta "moja" iko wapi mpaka asubuhi. Ni ngoma iliyokuwa na shughuli zake za jando na unyago kabla ya kuwa na shughuli za kukaribisha wageni wa Serikali. Kuna bibi hapa atakayekuambia kwa sauti ya chini kwamba muheme hauna ugomvi na kanisa, ila yeye anajua ulikuwa unasema nini. Na kuna jambo dogo la vitendo: sare ya kwaya ni sketi ya kubana. Fundi hakushirikishwa katika utamadunisho.

Kwa hiyo saksafoni ina historia, na muheme una historia. Hata kinanda kina ya kwake: Papa Pio wa Kumi, katika waraka wake wa tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia msimamizi wa wanamuziki, aliikataza piano kanisani pamoja na ngoma, matoazi na bendi. Bendi aliiruhusu nje, kwenye maandamano, kwa kibali. Yaani mpiga tarumbeta wako mwaka 1903 angekuwa halali kabisa, mradi asivuke mlango.

Ramani ya Misa kwa anayetembea usiku

Kuingia. Una uhuru. Watu bado wanatafuta nafasi, na nusu yao hawajafika.

Bwana utuhurumie. Mtu anayeomba msamaha hachezeshi mabega. Polepole.

Utukufu. Hapa panda. Ila kalenda kwanza: mgeni mmoja, ambaye nafurahi nikimkumbuka kwa kuwa si mimi, aliifundisha kwaya Utukufu wa jazi kwa wiki tano, akapanga uzinduliwe Dominika ya kwanza ya Majilio. Majilio haina Utukufu. Kwaresima nayo haina, na juu ya hilo vyombo vya muziki vinaruhusiwa kusindikiza waimbaji tu, basi. Usianze Kwaresima.

Wimbo wa katikati. Hapa ndipo jazi ina nyumba yake kweli: mmoja anaimba shairi kwa kulibuni, wote wanarudi kwenye kiitikio. Ni mfumo ule ule wa makanisa ya watu weusi wa Marekani uliochangia kuizaa jazi, na Mgogo naye anaujua. Mtego uko kwenye urefu. Kiitikio ambacho bibi asiyesoma hawezi kukidaka mara ya kwanza, kikimfikia mara ya pili ameshakaa kimya. Hicho ni solo yako iliyovaa joho.

Nasadiki. Iache.

Sadaka. Foleni ni ndefu, jumuiya zote zinapita, vipaji vinaletwa: mahindi, uwele, zabibu, mbuzi. Solo inaruhusiwa. Jihadhari na jogoo. Wa kwetu aliijibu saksafoni kwa nota ile ile, kwa wakati wake, na hadi leo wapo wanaosema ndilo lilikuwa jibu pekee la siku hiyo.

Mtakatifu. Padri amemaliza utangulizi, mikono iko hewani, anakusubiri. Usimwekee mapigo manane ya kuingilia. Manane ni mengi sana kwa mtu aliyeinua mikono.

Baba Yetu. Dave Brubeck, mpiga piano wa jazi aliyetunga Misa nzima, alipoimaliza aliambiwa na padri mmoja kwamba ameisahau Baba Yetu. Hakufurahi, aliona kazi imekwisha. Akaenda mapumzikoni na familia, akaiota usingizini, akaamka akaiandika, na mwaka huo huo wa 1980 akaingia Kanisa Katoliki. Fundisho kwako: kama hujaiota, usiiguse.

Mwanakondoo. Sehemu hii ina mpira ndani yake: hurudiwa mpaka mkate umalizike kumegwa. Jazi inaipenda, na inaipendeza.

Komunyo. Brashi tu kwenye drams. Au hata hizo ziweke chini.

Kutoka. Sasa fungulia chemko. Watu wanatoka, watoto wanaruka, Pio wa Kumi mwenyewe hana neno maana tayari mko mlangoni.

Ukiitwa ofisini

Utaitwa. Usiende na hasira. Nenda na hati, na ujue kwamba hati zinakata pande zote mbili.

Utaweka mezani Mtaguso wa Pili wa Vatikano: hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, inayotaka muziki wa mataifa ya misheni uthaminiwe na kupewa nafasi katika ibada, na inayoruhusu vyombo vingine mbali na kinanda cha mabomba kama mamlaka ya Kanisa ya mahali itakubali. Baba Paroko atatikisa kichwa kwa upole, atageuza ukurasa ule ule, na kukuonyesha kwamba wimbo wa Kigregori ndio uliopewa nafasi ya kwanza. Utatoa maelekezo ya Kanisa kuhusu muziki ya mwaka 1967. Naye atakusomea humo kwamba chombo ambacho watu wa mahali wanakijua kwa shughuli za kidunia tu kisiletwe kwenye ibada. Kisha atakuuliza saksafoni hapa Kizota inajulikana kwa lipi. Usimjibu haraka, dirisha liko wazi na kwa majirani kuna harusi.

Mtaje Padri Stephen Mbunga, Mtanzania, aliyetunga Misa Baba Yetu na mwaka 1963 akachapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kabla Mtaguso haujakauka wino, kuna mwana wa nchi hii aliyekuwa amekwishapanga hoja zako vizuri kuliko unavyozipanga wewe. Taja na Missa Luba ya Kamina, Kongo, mwaka 1958, ambayo waimbaji waliibuni kwa midomo, kalamu ikaja nyuma. Ukifika hapo, kaa kimya. Paroko naye alikuwa seminarini, huenda aliiimba.

Lakini hati yenye nguvu kuliko zote ni ile uliyodhani ni ya adui. Waraka ule ule wa 1903 uliofukuza ngoma ndio uliosema waumini washiriki ibada kwa dhati. Pio alilalamikia muziki wa mtindo wa opera uliokuwa umeingia kanisani, ukiwaacha waumini watazamaji. Ukiisoma hivyo, swali lake si chombo gani kimeingia. Swali ni nani amenyamazishwa.

Bibi wa benchi la tatu

Yeye ndiye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu anaijua jazi yako kukuzidi na hana habari.

Wagogo wanaimba kwa sauti nyingi zinazopandana bila mwalimu wala nota. Gerhard Kubik, mtaalamu wa muziki wa Afrika, ameeleza kwamba ngazi yao ya sauti inafuata zile sauti ndogo zinazojizaa zenyewe juu ya uzi mmoja ukiupiga. Kati ya hizo ipo moja, ya saba, isiyo "ti" na isiyofika hata "ta". Inakaa chini kidogo yake, mahali ambapo kinanda hakina kibonyezo. Ndiyo sauti ambayo wapiga bluzi wa Marekani wanapinda nyuzi usiku kucha kuitafuta. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefundisha Bagamoyo na kuzunguka dunia na ilimba na zeze mpaka alipofariki mwaka 2003, alikuwa ameishika mkononi. Bibi wa benchi la tatu ameishika kooni.

Mazoezini utamsikia akiimba Bwana utuhurumie na sauti yake imeteleza. Mwalimu wa kwaya amemwambia kwa miaka ishirini kwamba anashusha. Kijana wa kinanda anapandisha sauti ya spika ili kumfunika. Na wewe, uliyesafiri na saksafoni kutafuta nota ya bluu, utakuwa wa tatu kumrekebisha.

Usimrekebishe. Msalimie: "Mbukwenyi, bibi." Kaa naye, mpe kiitikio chako, umsikilize anakigeuza wapi. Atakapokosea, andika. Kisha wageukie wengine wote uwafundishe kosa lile. Saksafoni inaweza kuipinda nota mpaka pale alipo bibi; kinanda hakiwezi. Hii ndiyo sababu ya pekee ya maana niliyoipata ya kuileta saksafoni Kizota, na ilinichukua miezi tisa na jogoo mmoja kuiona.

Mtihani

Misa ikiisha usiwafuate wanaokuja kukupongeza; hao ni wanamuziki wenzako. Nenda kasimame chini ya mwarobaini, jifanye unakunja nyaya, usikilize wanaoondoka.

Wakimsifu mpiga saksafoni, umefanya tamasha, na kiingilio hukukusanya. Wakikulalamikia kwa mwenyekiti, umefanya jaribio. Mwaka ujao liko tena. Wakinyamaza, rudia mwongozo huu kuanzia geti la kwanza. Lakini akipita mama mmoja na mtoto mgongoni, anavumisha kiitikio cha zaburi na hana habari kwamba anakivumisha, jazi imeingia kwenye Misa na hakuna aliyeiona mlangoni.

Dominika yetu ya kwanza nilisimama pale robo saa nzima. Walijadili bei ya nyanya. Mmoja aliuliza kama mbuzi wa sadaka amepata mnunuzi kwenye mnada. Jumatano tulirudi mazoezini, tukakichukua kile kiitikio, tukakifupisha kwa nusu, na bibi akaanza yeye.